Mkalimani Aliyenifundisha Kuanguka

Tulimzika Mutisya Jumamosi iliyopita huko Kathiani, kwenye shamba lake la mteremko, kati ya migomba na miparachichi. Nilikaa hema la nyuma pamoja na akina mama wa kanisa nisiowajua, nikasikiliza watu wakimsifu marehemu mpaka akawa mtu mwingine kabisa. Karani wa korti, mkalimani kwa zaidi ya miaka thelathini, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita. Mwendesha shughuli, kijana mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mnadani, akasema marehemu pia alikuwa mwalimu wa karate, na watu wakacheka kidogo kwa adabu. Haikuwa karate. Ilikuwa judo, na mzee angekuwa hai angemsahihisha palepale. Kisha kijana akaomba wale waliofundishwa naye wasimame. Tulisimama watatu: wanaume wawili wenye vitambi, na mimi, ambaye goti langu lililia hata mama aliyekaa kando yangu akalisikia. "Kumbe hata wewe?" akaniuliza. "Alikufundisha kupigana?" Nilimwambia hapana, nikaketi, wakaanza kupakua chakula. Lakini tangu nirudi nyumbani swali lile limenikaa moyoni, na sasa naona nisipoliandikia jibu nitaendelea kuunguza mboga kila siku.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, Mumbua, aliyekuwa na miaka minne. Nilikuwa pia na mume, Musyoka, ambaye alikuwa amehamia Athi River kwa mwanamke mwingine, na ambaye sasa alikuwa ameshtaki akitaka vitu viwili: talaka na mtoto. Talaka nilikuwa tayari kumpa hata kwa kumfungia kwenye karatasi ya zawadi. Mtoto, hapana. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa kwenye kibanda karibu na korti ya Machakos. Tulikuwa wawili na mashine mbili, tukiwapigia watu hati zao za kiapo, nakala tatu tatu, na karatasi ya kaboni ikitupaka vidole weusi mpaka tukila mandazi yanabaki na alama. Nilikuwa nimepiga talaka za watu wengi mno kabla ya yangu. Nilijua kwa moyo maneno yote ambayo wanandoa hutumia kuumizana mbele ya serikali. Haya, siku moja wakili wa Musyoka akaleta karatasi zake pale pale kibandani zipigwe, bila kujua mimi ni nani, nikazipiga. Nilipiga kwa mikono yangu kwamba mimi ni mama asiyejali. Nilizipiga vizuri, sikukosea hata herufi moja, na nikamtoza bei ya kawaida.

Mutisya alikuwa akija kuchukua hati za mawakili. Wakati huo alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye koti moja la kahawia, na alitembea polepole kama anayebeba maji kichwani. Alinikuta nimeinamia mashine nalia bila sauti. Hakuniuliza nina nini; korti nzima ilijua nina nini. Alisema tu, "Nduku, kuja Jumanne saa kumi na moja, pale ukumbi wa kanisa. Kuja na suruali." Nilidhani ni maombi, ingawa suruali ilinitatiza.

Ukumbi ule nauona hata sasa. Madirisha yake yalikuwa ya juu na mwaka huo stima ilikuwa ya mgao, kwa hiyo tulifanya mazoezi kwa mwanga uliokuwa ukihama ukutani mpaka unaisha. Chini alikuwa ametandaza vumbi la mbao, juu yake turubai aliloshona mwenyewe kwa sindano ya gunia, na hilo ndilo tuliloliita mkeka. Kulikuwa na harufu ya mbao, mafuta ya taa na miguu ya watu waliotoka kazini. Wanafunzi tulikuwa kama kumi, wanawake wawili tu. Mutisya alikuwa amejifunza judo akiwa kijana, kutoka kwa Mjapani mmoja aliyekuja kufundisha hesabu shule ya upili, ambaye alipoondoka alimwachia kitabu kisicho na jalada na tabia ya kuinama kabla ya kusema jambo. Miezi miwili ya kwanza hakutufundisha kumwangusha mtu. Alitufundisha kuanguka sisi wenyewe: kwa ubavu, kwa mgongo, kwa mbele, kidevu kifuani, mkono ukipiga turubai. Niliporudi nyumbani nikiwa na michubuko, Mumbua aliihesabu moja moja na kuipaka mate kwa kidole. "Umeanguka tena, mami?" Nilimwambia ndiyo, nimeanguka vizuri.

Baada ya mazoezi Jumanne na Alhamisi tulipita hoteli ya Hassan, Msomali aliyekuwa na mbuzi wengi sokoni na subira nyingi zaidi kwa watu wanaoagiza chai moja na kukaa saa nzima. Chai yake ilikuwa na iliki na tangawizi, na Alhamisi alikuwa na muthokoi, ambao mpishi wake Mkamba aliupika mpaka mahindi na maharagwe yakasahau kwamba yalikuwa vitu viwili. Meza ya pili ilikuwa ya mawakili. Walizungumza kana kwamba sisi ni viti. "Ile ya kesho itakuwa rahisi, mama hana pesa." "Wangu hata hajui siku ya kesi." Mutisya aliwasikiliza huku akipuliza chai. Alikuwa amesikia kesi za ndoa kwa miaka mingi, kila neno mara mbili, mara moja kwa Kikamba na mara moja kwa Kiingereza, na ndipo alipopata imani yake kubwa. Aliamini korti na mkeka ni kitu kimoja. "Mimi huwaangalia," aliniambia. "Yule anavuta sana ndiye huanguka. Bwana anavuta ng'ombe, bibi anavuta mabati, wanavutana mpaka hakimu anachoka na wote. Mtu akikuvuta, Nduku, usivute. Enda naye. Mpe hiyo nguvu yake yote. Akikosa kitu ya kushindana nayo ataanguka peke yake." Nilimwamini. Nilikuwa nimemwona, mtu mfupi vile, akimlaza chini askari jela mwenye kilo tisini kwa kumfuata tu alikokuwa akienda.

Wakili wangu alikuwa kijana wa ofisi ya ghorofani, mwenye faili nyingi kuliko kabati. Yeye hakuwa na falsafa. Aliniambia neno moja ambalo ninalikumbuka kama anwani ya nyumba: "Mtoto wa miaka minne ni wa mama, korti zote zinajua hivyo. Hii kesi uko nusu umeshinda. Kitu moja tu, asitoke kwa mkono yako mpaka hakimu aseme." Mwezi wa saba Musyoka akaomba kortini mtoto akae naye likizo ya Agosti. Wakili akataka tupinge. Alikuwa tayari ameandika majibu, nikae niyapige mwenyewe. Nami nikayaona kwa macho ya mkeka. Huyu ananivuta, nikajiambia. Musyoka hajawahi kuosha hata kikombe cha mtoto. Hajui uji wa Mumbua unatiwa ndimu, hajui analia akivuliwa soksi ya kulia kwanza. Nikimwachilia mzigo wote kwa mkupuo mmoja, wiki mbili haziishi atakuwa amemrudisha mwenyewe, na hakimu ataona nani ni mzazi.

Sitaki kumsingizia marehemu, lakini pia sitamfunika. Nilimuuliza. Tulikuwa kwa Hassan, muthokoi umekwisha, sahani zinaondolewa. Alijua mfanyakazi wa korti hana ruhusa ya kumshauri mtu mwenye kesi, kwa hiyo aliangalia meza ya mawakili, akaivuta sahani yake tena ingawa ilikuwa tupu. "Mimi siwezi kukuambia mambo ya kesi," alisema. "Lakini ungeniuliza kwa mkeka, ningekuambia enda naye." Hilo ndilo alilosema. Nilitoka pale nimefurahi, na nakumbuka aibu ya furaha ile kuliko mambo mengi yaliyofuata.

Nilimwambia wakili asipinge. Hatukumpeleka Mumbua Athi River. Musyoka alisema likizo mtoto atakuwa kwa mama mkwe wangu, kijijini Muthetheni, nami nikaona hiyo ni afadhali, maana huko kuna maziwa. Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mgeni asingelifanya, kwa kuwa asingekuwa na adabu ya kulifanya. Mama mkwe wangu pia anaitwa Mumbua. Binti wa kwanza kwetu hupewa jina la mama wa baba, na akishapewa, yule bibi humwona mtoto kuwa ni yeye mwenyewe amerudi mdogo. Musyoka, hata tulipokuwa tumenuniana hatusemezani, alimwita mtoto wake "mwaitu," mama yangu, na alimaanisha. Haya yote niliyajua. Lakini akilini mwangu nilikuwa napigana na Musyoka peke yake. Kwa hiyo nilifanya kama mkamwana aliyefundwa. Sikwenda mikono mitupu: nilijaza kiondo sukari, majani ya chai, unga, leso mpya ya mama mkwe. Na ili asipate shida na mtoto, nilifungasha nguo zote za Mumbua, viatu vyake vya kanisani, kikombe chake, na blanketi lake la manjano, kwa sababu usiku wa Muthetheni una baridi na sikutaka kumlazimisha mama wa watu atafute blanketi.

Susu, ndivyo tunavyomwita bibi, alinipokea kwa mikono miwili. Alitoa vitu kwenye kiondo kimoja kimoja, akishukuru kila kimoja. Alipofika kwenye blanketi aliliweka mapajani, akalipapasa. Kisha akaniangalia kwa upole sana, upole ambao sikuwa nimeuona kwake tangu ndoa iharibike, akaniambia, "Asante, mwana wangu. Najua si rahisi." Nilidhani anazungumzia safari.

Agosti ikaisha, mtoto hakurudi. Nilikwenda mwanzo wa Septemba nikakuta ameandikishwa shule ya chekechea ya pale kanisani, ana sare ya buluu na rafiki anayeitwa Syombua. Susu alinilisha kuku. Ningemshika mtoto mkono nikatoka naye, njia ilikuwa wazi, lakini mtu hamnyang'anyi mama wa mumewe mtoto huku bado anatafuna kuku wake. Nilisema, "Mama, nilikuwa nimekuja kumchukua." Akasema, "Wacha amalize hii muhula, asichanganyikiwe." Musyoka naye akaniambia kwa simu ya dukani, "Tungoje korti." Nikarudi peke yangu. Alhamisi niliingia kwenye mkeka, nikaanguka mara arobaini bila mtu kunigusa, na Mutisya akanitazama akaacha kufundisha kwa muda. Nafikiri ndipo alipoanza kuogopa.

Kesi ilisikizwa Novemba, kwenye chumba kidogo chenye feni isiyozunguka. Hakimu alikuwa mama mmoja aliyetoka mbali, mtaratibu, asiyejua Kikamba hata cha salamu. Wakili wa Musyoka alianza na mimi. Aliniuliza kama ni kweli ninajifunza kupigana. Nikamwambia ninajifunza kuanguka, na watu wakacheka, hata hakimu akatabasamu, nami nikahesabu hiyo kuwa pointi yangu. Nilikuwa nimetulia mno. Nilipumua kwa tumbo kama nilivyofundishwa, mikono mapajani, sikulia, sikumkatiza mtu. Wakili wangu alininong'oneza wakati wa mapumziko, "Lia kidogo basi." Nikamwona ni mtoto.

Kisha Susu akaitwa. Alikuwa amevaa ile leso niliyompelekea. Kwa sababu alitoa ushahidi kwa Kikamba, Mutisya alikuja kusimama kando yake na koti lake la kahawia, akainama kidogo kabla ya kuanza, kama kawaida. Hakunitazama. Wakili akamuuliza bibi mtoto alifikaje kwake. Susu hakuwa na uwongo, na sijawahi kusema alidanganya. Alisema: "Alimleta mwenyewe, hakuna mtu alimlazimisha. Alimleta na nguo zake zote na blanketi yake. Mtoto wa kuja kutembea haji na blanketi. Ukileta mtoto na blanketi, umemleta akae. Mimi nilijua hivyo, na yeye alijua hivyo, na nilimshukuru." Alisema kwa Kikamba, na mimi, na Musyoka, na karani, na mabibi waliokaa nyuma, sote tulielewa palepale, na nikasikia mmoja akiguna "ĩĩ" kwa kukubali. Hakimu peke yake ndiye aliyekuwa bado. Alikuwa ameinua kalamu, anamngoja Mutisya.

Nilimtazama mwalimu wangu. Nilijua, na alijua, kwamba angeweza kusema "alikuja na mtoto na nguo" akaishia hapo. Nani angemshika? Ni neno moja tu, blanketi, lingedondoka njiani. Nilimwomba kwa macho, siwezi kukataa. Aliinama kidogo tena. Halafu akayasema yote kwa Kiingereza safi, nguo zote, blanketi, kutembea na kukaa, na asante ya bibi, bila kuongeza wala kupunguza, kwa ile sauti yake ya kila siku. Kalamu ya hakimu ikaandika. Nilisikia lile neno mara mbili siku hiyo na mara ya pili ndiyo iliyoniua.

Hukumu ilisomwa Desemba. Mama, hakimu alisema, alimtoa mtoto kwa hiari yake na kwa utulivu. Mtoto ametulia alipo, ana shule, ana bibi anayemlea vizuri, na si vyema kumng'oa tena. Abaki Muthetheni. Mama atamwona mara moja kwa mwezi. Wakili wangu alifunga faili, akaniambia pole, akaenda kwa kesi nyingine. Musyoka hakushangilia, alionekana kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa.

Sikurudi tena ukumbini. Mutisya alikuja kibandani siku iliyofuata, akasimama mbele ya mashine yangu mikono nyuma. "Nduku," alisema, "mimi nilikosea. Kwa mkeka mko wawili. Mimi nilisahau kuna mtoto." Niliendelea kupiga chapa. Akangoja. Akasema, "Na ile ya korti, singeweza. Nimeapa." Hilo nalo nililijua, na ndilo lililonikasirisha zaidi, kwamba hata katika hasira yangu sikuweza kutamani awe mkalimani mwongo. Sikuinua kichwa. Alikuja tena mara tatu au nne kabla ya Krismasi, akisimama palepale, kisha akaacha, na kwa miaka yote iliyofuata tulisalimiana mjini kwa kutikisa kichwa tu. Ningeweza kumwambia, mzee, hukunituma na blanketi. Ningeweza kumwambia kwamba bado ninapumua kwa tumbo mambo yakinizidi, na kwamba nimeanguka mara nyingi tangu hapo na sijavunjika. Sikumwambia, na Jumamosi nilisimama kwenye hema la nyuma nimechelewa.

Mumbua yu hai na ni mzima, msomaji asidhani vingine. Yuko Syokimau, ana kazi ya ofisi na watoto wawili. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, akaniuliza kama nimekula, kama dawa za goti zipo. Hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja, wala mimi sijawahi kumgombeza. Nawasikia wanawake wenzangu wakilalamika kwamba binti zao wana mdomo, wanafungiana milango, wanarudi baada ya saa mbili kudai chai, na ninawaonea wivu mpaka najichukia.

Ziara yangu ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwaka ule. Nilifika Muthetheni kabla ya saa sita. Mumbua alikuwa amesukwa nywele vizuri, mistari imenyooka kuliko nilivyowahi kuisuka mimi. Nilidhani atanirukia. Alisimama mlangoni, akamwangalia Susu, kisha akaingia ndani na kuburuta kile kiti chenye kitambaa, kile cha wageni, akaniwekea kivulini. Akaleta jagi na beseni, akaninawisha mikono, akimwaga maji kidogo kidogo kwa uangalifu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa amefundishwa vizuri. Tulikula. Alinionyesha daftari lake la shule, nikalisifu, naye akashukuru. Alasiri Susu akamwambia anisindikize, naye akanifuata hadi langoni, akinibebea pochi kwa mikono miwili. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikamkumbatia, akakubali, akasimama wima mpaka nilipomaliza. Kisha akanipa pochi yangu, akanipungia mkono, akasema, "Asante kwa kututembelea. Usalimie watu wa kwenu."